Korongo Linakuja

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo sikulitamka miaka yote ya mwanzo ya ndoa yangu. Si tusi, jamani. Ni neno la kawaida kabisa: ndilo jina la maji yale yanayoteremka kutoka mlimani mpaka baharini, na ndilo hilo hilo jina la kile tunacholazia kichwa kitandani. Umeshalijua. Basi lijue kimoyomoyo, maana mimi silitaji bado.

Sababu ni baba mkwe. Kwao mume wangu ni kusini, milimani, kwenye migomba na mvua isiyojua kupumzika, na huko mke wa mwana haonani na baba mkwe. Haonani kabisa. Ukimwona anakuja njia hii, wewe unashika ile. Kama ni moja tu, unaingia porini. Na jina lake hulitaji, wala neno linalofanana nalo. Sasa mzee wetu jina lake linaanza na neno hilo nililokuambia, halafu linaendelea na mkia mrefu. Mimi nimezaliwa Tanga, ambako baba mkwe unamwandalia chai na kumpa habari zote za mtaa, nikajikuta nimeolewa nikapewa kamusi yenye matundu. Wakati wa kulala nilimwambia mume wangu, "Nisogezee kile cha kichwa." Hata yule kiumbe anayezaliwa na kunyonya, neno lake si linaanza hivyo hivyo? Basi kwangu akawa "mwana," na majirani zetu wa Dodoma wakadhani najifanya mshairi.

Mlinzi wa sheria hii alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Mwanamke yule alikuwa na masikio! Ungenong'ona jikoni, yeye yuko uani anaanua nguo, na bado angekujibu.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Sabuni zilikuwa zimerudi madukani, mitumba imemwagwa chini kila kona, na kila kilichokuwa cha umma kinatafutiwa mwenyewe. Mume wangu alikuwa mtumishi wa serikali, tunakaa nyumba ya kota yenye vyumba viwili na korido moja nyembamba. Hapo ndipo wifi alipomleta mzee ili akatibiwe macho katika hospitali ya misheni, Mvumi. Na ugonjwa wenyewe, ole wangu, nao jina lake linaanza hivyo hivyo! Jirani akiniuliza mzee anaumwa nini, namwambia, "Ana mwana wa jicho." Jirani ananitazama, anaondoka.

Nyumba ya vyumba viwili na mkwe usiyeonana naye, hebu fikiria. Lakini mzee alikuwa na adabu zake. Kabla ya kutoka chumbani alikuwa akikohoa kwa nguvu, nami nikisikia natimua mbio jikoni na mwiko mkononi. Akishakaa mezani, anaongea na ukuta. "Mwambieni aliyepika maharage haya," anamwambia mwanawe, "kwamba tangu mama yenu atutoke sijala maharage kama haya." Nami jikoni meno yote nje. Nilimpenda mzee yule bila kumwona uso, na yeye kwa macho yale asingeniona hata ningemkalia mapajani.

Siku chache kabla ya kwenda hospitali, wifi alinifuata kwenye karai la vyombo. "Wifi, sikia. Kwetu mkwe akilitaja jina la mzee, mzee anapofuka. Jumatatu wanampasua macho. Ole wako ulimi ukuteleze."

Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka. Mimi si mtu wa kuamini mambo hayo, lakini macho yenyewe hayakuwa yangu, na huwezi kufanyia majaribio macho ya mwenzio. Nikajiapiza kwamba mpaka hiyo Jumatatu ipite, mdomo wangu nitautia kufuli.

Mume wangu naye, Mungu amsamehe, akaona mzee apelekwe matembezi Jumamosi, apunguze mawazo. Alikuwa amesikia habari za shamba moja la zamani njia ya Hombolo. Mzungu mmoja enzi za mkoloni alijenga jumba la mawe pale, akapanda zabibu na maua. Alipoondoka shamba likawa la umma, mbuzi wakalifaidi kuliko umma, na sasa amepatikana mwekezaji, kalifungua kwa wageni: bustani, vijia vya kutembelea, na upepo wa kando ya... ya lile lile.

Akaazima pikapu kwa rafiki yake. Mzee mbele na mwanawe, mimi na wifi nyuma na masufuria ya pilau, nimejitanda khanga mpaka puani. Tulipofika langoni tukakuta kibao kikubwa: KARIBU BUSTANI YA KANDO YA, halafu neno lenyewe, kwa rangi nyekundu, herufi zimenona! Wifi akanitazama. Nikaweka kiganja mdomoni.

Aliyetupokea alikuwa mwenyeji wa Dodoma, kaunda suti imepigwa pasi hadi inakata. Nadhani alikuwa amekaa karibu na wabunge muda mrefu, maana kila kitu kwake kilikuwa mheshimiwa. Mzee mheshimiwa, mimi mheshimiwa, hata beberu aliyekuwa anatafuna maua alifukuzwa kwa heshima. "Toka hapo, mheshimiwa!"

Akatupeleka ukingoni tuone fahari ya mahali pale. Mchanga. Mchanga mweupe, mpana kama uwanja wa mpira, umelala kutoka huku mpaka kule, na katikati ng'ombe wawili wanapita taratibu. Pembeni kibao: HAIRUHUSIWI KUOGELEA. Dodoma ndivyo ilivyo, wenyewe wanaita korongo, na mimi nikalishukuru neno hilo kuliko chakula.

Nilikuwa nimejificha nyuma ya pikapu nikamsikia mzee akiuliza, "Maji yako wapi?"

"Maji, mheshimiwa," akajibu yule bwana bila kupepesa, "yapo safarini."

Mzee akacheka mpaka akashika mbavu. Kwao maji huwafuata watu mpaka kitandani, sasa ameletwa kuoneshwa yaliyo safarini!

Baada ya hapo ikaja habari ya vijia. Mume wangu akaeleza kwa aibu kwamba mimi na mzee hatupaswi kukutana. "Hakuna shaka, mheshimiwa," akasema mwenyeji wetu. "Wanaume washike kushoto, akina mama kulia." Tukaingia, mawe yamepakwa chokaa huku na huku, pazuri kweli. Jambo moja alilosahau kutuambia ni kwamba kijia chenyewe ni duara.

Hatukwenda mbali nikasikia kikohozi mbele yangu. Kikohozi kile nakijua! Nikajitupa kwenye ua la miiba lenye maua ya zambarau, khanga ikabaki juu, mimi chini. Mzee akasimama. "Huku kuna ngedere?" akauliza. "Wapo, wapo," akasema mume wangu, msaliti yule. Wifi akanivuta mguu kunitoa, tukageuka turudi tulikotoka. Na wao, kwa ustaarabu wao, wakaona watupishe, nao wakageuka. Duara ni duara. Tukakutana tena kwenye zabibu. Safari hii nikalala kifudifudi chini ya matawi, zabibu zilizoiva zikapasukia mgongoni. "Ngedere wa hapa wakubwa," mzee akasema kwa upole.

"Mimi basi!" nikamwambia wifi tulipobaki wenyewe. "Nataka mahali pa kukaa, niache kuwa mnyama." Karibu na ukingo palikuwa na tangi la saruji la zamani, kavu, limefika kifuani. Nikaingia humo. Wifi akanipa sahani ya pilau kama anamlisha mfungwa, kisha akaenda kuwapakulia wengine kwenye mkeka, hatua chache kutoka pale, chini ya mti. Mimi nikala huku nimewapa mgongo, nimeelekea juu kule korongo linakotokea.

Mzee alishiba mapema. Nikamsikia akisema anataka kuukanyaga huo mchanga, akawahadithie wenzake kwamba amevuka bila kulowa ndala. Akateremka na bakora yake, mdogo mdogo, akafika katikati. Nikainua kichwa juu ya tangi nimwangalie, kwa kuwa alinipa kisogo. Ndipo nikasikia ngurumo, kama lori la mawe. Upande wa Haneti mawingu yalikuwa meusi tangu asubuhi, lakini nani aliyajali? Kwetu jua lilikuwa linawaka. Nikatazama juu ya korongo: ukuta wa kahawia unakuja, umebeba matawi, umebeba povu, hauna haraka wala hausimami.

"Korongo!" nikapiga kelele. "Korongo linakuja!"

Wote wakatazama mbinguni. Naapa! Mume wangu, wifi, na yule bwana wa kaunda suti, viganja juu ya macho, wanamtafuta ndege. "Yuko wapi, mheshimiwa?" akauliza. "Hawa huwa wanatua bwawani."

"Maji! Maji yanakuja!"

"Maji si haya hapa," wifi akainua jagi. "Omba kwa adabu, wifi." Na mzee kule mchangani akapunga mkono bila kugeuka: "Asanteni, nimeshakunywa!"

"Lile la kwenye kibao!" nikalia. "La kwenye kibao, jamani!"

Mume wangu akageuka, akakisoma kibao. "Mama watoto, hakuna anayeogelea."

Nilimwona mzee anachora chora mchanga kwa bakora, kichwa amekiinamisha, anasikia ngurumo anadhani ni lori. Nikayawaza macho yake. Nikawaza Jumatatu. Halafu nikajiuliza, macho ya nini kwa maiti? Mola wangu, nisamehe.

"Mto!" nikapasua koo. "Mto wee! Mto! Mto!"

"Naam!" akaitika mzee.

Aliitika papo hapo, kama kijana anayeitwa na wenzake wakacheze, akageuka na kuja mbio kuifuata sauti. Bakora aliiacha kule kule. Nami nikaruka tangi, nikateremka ukingo kwa makalio, nikamdaka mkono na kumvuta juu, tukaanguka wote majanini. Maji yakapita nyuma ya visigino vyetu. Yalichukua ndala moja, yakachukua jagi lililomponyoka wifi alipokimbilia ukingoni, yakang'oa kile kibao, na kibao cha kukataza kuogelea kikapita mbele yetu kinaogelea. "Yamefika, mheshimiwa," akasema yule bwana kwa sauti ndogo.

Nikakumbuka nilikuwa nani. Nikajifunika khanga uso mzima, nikatambaa nyuma ya tangi.

"Nani ameniita?" mzee akauliza huku akihema.

Mume wangu aliendelea kumtafuta ndege. Wifi alikuwa ameweka mikono kichwani kama msibani.

"Hilo ni jina langu la machungani," akasema mzee. "Jina lote lilikuwa refu, wenzangu walilikata mkia. Mimi siku hizi ni babu fulani, baba fulani. Wa kuniita hivyo wameshalala wote." Akajipangusa mchanga, hakuuliza tena.

Njiani wifi aligusa kope zake, akasema neno moja tu. "Umeyazima."

Sikulala vizuri mpaka Jumatatu, na baada ya Jumatatu ndiyo kabisa. Siku ya kufunguliwa bandeji nilikwenda Mvumi nikasimama nje ya dirisha la wodi, nimebana ukuta, natafuna pindo la khanga. Nikiwa Tanga ningekicheka kitu kama hicho. Pale nikatega sikio. Nilisikia muuguzi akikata bandeji.

"Kumbe una kipara!" akasema mzee.

"Baba!" akalia mume wangu.

"Na wewe binti yangu umezeeka, pole sana." Wifi akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Mzee akataja kila alichokiona: chandarua, inzi, viatu vya muuguzi. Mimi nje nikachuchumaa chini ya dirisha.

"Na yule ngedere," akasema mzee, "amekuja?"

Wifi, wifi yangu mwenyewe, mwenye masikio yale, akasema polepole, "Yuko dirishani, baba."

"Mwambieni aingie. Sitamtazama."

Nikaingia kwa kujikokota, khanga usoni, nikachungulia kwa jicho moja. Mzee alikuwa amekaa wima kitandani, ametazama mlango ninaoingilia. Aliposikia ndala zangu akayafumba macho yale mapya, akayabana mpaka uso ukakunjamana, na ndiyo kwanza yalikuwa yamefunguka.

"Haya," akasema. "Hebu niite tena."

Nikamtazama wifi. Wifi akatazama chandarua.

"Mto," nikasema.

"Naam," akaitika.