Nilimpaka samaki rangi ya kijani, nikawafukuza wanunuzi wote

Kosa ni langu. Msimtafute shetani, hakuwepo. Na kibaya zaidi, nilikuwa ninacheka wakati ninalifanya!

Ilikuwa miaka ya Zaïre, tulipokuwa tukiitana citoyen, yaani mwananchi, karibu hata na mbuzi wa jirani. Mimi ni mvuvi wa ziwa la bwawa, nje ya Kolwezi. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo nikikosea kueleza mambo ya uchumi, mnisamehe. Hata leo sina hakika kama nimeyaelewa.

Basi, akaja monitèle wa serikali kutufundisha uchumi wa uvuvi, katika sale, ukumbi wa parokia. Asubuhi akachora ziwa ubaoni, akachora na mitumbwi.

"Mutumbwi moja ikiongezeka, samaki inatosha," akasema. "Ikiongezeka ingine na ingine, kila mutu anachoka zaidi na anapata kidogo. Mwisho munakamata batoto ya samaki."

Dawa yake: tuiache ghuba ya matete, mahali samaki wanapozalia, mpaka mvua ziishe. Lakini sharti wote tukubali. Mmoja akiingia kwa kuiba, wengine watamfuata.

Wote tukainua mikono. Hata Tata Mukalay, mvuvi mwenzangu wa ng'ambo ya ziwa.

Saa sita tukatoka kwenda kula. Nikakuta munkoyo kwa jirani wa parokia, ile pombe yetu laini ya mahindi, baridi kabisa. Sikurudi darasani. Nilijiambia jambo kubwa nimekwisha kulisikia. Jamani, niliondoka na nusu ya somo!

Haikupita wiki nikaona mtumbwi wa Mukalay ukitoka kwenye matete. Nisiwe mwongo: bibi yake, yaani mkewe, alikuwa mgonjwa, na njaa ilikuwa nyumbani mwake. Tena sikumwuliza. Ningemwuliza, pengine nisingekuwa na la kuandika leo. Badala yake nikapata akili. Akili gani hiyo!

Kwetu mawe ya kijani, yale yenye shaba, watoto wanayachezea njiani. Nikatwanga moja kwenye kinu cha bibi yangu, nikachanganya vumbi na mafuta, nikampaka samaki mmoja mnono kuanzia kichwa mpaka mkia. Eh, alipendeza! Nikamweka pale Mukalay anapofungia mtumbwi, nikajificha kwenye matete.

"Mawee, mama!" nikamsikia akipiga kelele. "Hii samaki iko na ugonjwa gani? Sumu imeingia mu maji!"

Nikauma shati nisicheke.

Toka siku hiyo hakuna aliyeisogelea ghuba. Nikajiona mimi ndiye monitèle. Na kwa kuwa ninaungama, niungame yote: mara moja moja nilitega wavu mle peke yangu. Nilijidai ninapima kama samaki wameongezeka. Walikuwa wameongezeka.

Samaki niliowavua nilimpa Mama Ngalula, yaya wa bibi yangu, yaani dada yake mkubwa, akauze. Ni mjane. Beseni lake ndilo lililowalisha watoto na kuwaweka shuleni. Siku ya soko akaondoka nalo limejaa, akarudi nalo limejaa.

"Shemeki, batu banakataa. Banasema samaki ya ziwa yetu iko na sumu. Banakimbilia makayabu, samaki ya chumvi ya kutoka mbali."

"Ni ya ghuba tu," nikasema, kama mjinga. "Si ya ziwa yote."

"Munuzi anajua ghuba? Yee anajua samaki!"

Akapanda treni kwenda kuuza soko la Tenke. Habari ilikuwa imetangulia. Hajafungua hata beseni, wakamwambia, "Mama, ni ya Kolwezi? Basi pita nayo."

Nikamkimbilia Ilunga, rafiki yangu aliyebaki darasani mpaka jioni. Nikamwuliza kwa kuzunguka: samaki wakipungua sokoni, bei si inapanda?

"Inapanda kama batu banaitaka. Bakiogopa, hata ikibaki samaki moja, haina bei. Monitèle alifundisha ile muchana muzima. Weye ulikuwa wapi?"

Alijua: kwenye munkoyo.

Siku ya soko iliyofuata Mama Ngalula akatandika tena. Na Mukalay naye alikuwepo! Yule samaki wangu wa kijani alikuwa amemtia chumvi, amemkausha, anamwonyesha kila anayepita. Nisimlaumu: alidhani anaokoa watu.

Ningeweza kunyamaza. Kweli, nilifikiria kunyamaza. Ila Mama akaanza kufunika beseni, akasema taratibu, "Mutoto wangu mukubwa atatoka masomo kesho, feza ya shule haiko." Basi nikachovya kitambaa majini, nikamnyang'anya Mukalay samaki, nikamsugua. Kijani yote ikabaki kwenye kitambaa.

Mukalay akanitazama. "Ulijua je kama inatoka?"

Soko zima likaangua kicheko! Mwanamke mmoja muuza unga alikaa chini kabisa kwa kucheka.

Mama Ngalula peke yake hakucheka. Akanirudishia samaki mkononi.

"Kula. Batu baone."

"Hivi hivi, Yaya?"

"Mafuta ulitia weye mwenyewe. Kula."

Nikala, na kichwa pia. Tumbo likanihukumu mpaka Jumapili.

Wanunuzi walirudi polepole, na yule mtoto akabaki shuleni. Lakini Mama Ngalula hakupokea tena samaki wangu hata mmoja. Na ghuba? Jioni ile ile mitumbwi yote ilikuwa mle ndani, nyavu ndogo na kubwa, ikizoa mpaka watoto wa samaki. Nani awakataze? Mimi?

Mwaka uliofuata monitèle akarudi. Nikakaa mbele, sikutoka hata kwa kiu. Mchana akaanza, "Kuna mutu moja, sitamutaja, alipaka samaki rangi..." Sale nzima ikageuka kunitazama.

Ninyi mnaosoma, nawaomba: mwenzako akivunja makubaliano, mwendee mzungumze, hata akikutukana. Usimtishe kwa uongo. Uongo wangu niliuacha kwenye matete, wenyewe ukapanda treni! Na mkiitwa semineri, rudini baada ya chakula.

Watoto wa Mukalay wakikutana nami njiani wananisalimu kwa adabu zote: "Jambo, Tata Kijani."

Nifanyeje? Ninaitika.