Usichimbe Palipo Laini

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, asije mwingine akausimulia vibaya: ni mimi niliyetoboa kwa sururu bomba la maji la barabara nzima, mchana kweupe, katika parsele yetu, kiwanja cha nyumba yetu hapa mtaani Dilala, huku nikipiga mluzi.

Siku ile naikumbuka kuliko katekisimu. Usicheke, mwanangu. Najua nina miaka kumi na saba, na bado naenda masomoni na sandali iliyofungwa kwa waya. Lakini wazee wa barabara yetu siku hizi wamenyamaza kama samaki wakavu wa sokoni, na kiti cha mshauri kikikaa bure, hata mjinga anaweza kukikalia. Basi kaa chini, nikushauri.

Kampuni ya migodi ilikuwa imeanza kuporomoka. Watu wakatafuta wa kumlaumu, na kwa kuwa wakubwa wako mbali, wakamwona jirani. Ikasemwa kila mwenye asili ya mkoa wa Kasai arudi kwao. Kwao wapi? Tata Mbuyi, ambaye ukuta wake ni ukuta wetu, alizaliwa hapa hapa. Kasai alikuwa akiiona kwenye ramani ya darasani, kama mimi. Alikuwa fundi wa mabomba. Vijana wenye marungu walimpa asubuhi moja tu ya kutoka nyumbani. Akaenda kulala chini kwenye gare, stesheni yetu, na mke wake Mama Kapinga na watoto wanne, kati ya mamia ya watu waliongoja treni. Walikuwa na majuma matatu pale.

Mkuu wa vijana hao alikuwa Freddy, golikipa wetu, yule aliyefungwa mabao saba siku ya Pasaka akasingizia jua. Sasa alijiita Kamanda, na jamaa yake ilihamia katika nyumba ya Tata Mbuyi, kwenye viti vyake na sufuria zake.

Kitu kimoja hawakukipata. Kabla ya kutoka, Mama Kapinga alimpitishia mama yangu juu ya ukuta mashini yake ya kushona. Mashini ile ndiyo iliyotushonea yunifomu sisi sote, Freddy naye. Vijana walikuwa wakiitafuta nyumba kwa nyumba. Mama akaamua tuifukie.

"Usiku?" nikauliza.

"Muntu anachimba usiku njo mwizi," akasema. "Sisi tutachimba muchana. Wakiuliza, tunachimba choo."

Mama yangu amezaliwa Musumba, mji wa wafalme, na huko, anasema, watu hawaogopi hovyo. Baba alikuwa ameenda Sandoa kutafuta mihogo, kwa hiyo sururu ilikuwa yangu.

Sasa sikia kosa lilipo. Chini ya viwanja vyetu mabomba yanapita, wala hakuna kijiti wala jiwe la kuonyesha yanapita wapi. Ramani ilikuwa kichwani mwa Tata Mbuyi. Alikuwa na namna yake: anasimamisha mpini wa jembe chini, anaweka sikio kwenye ncha ya juu, anasikiliza maji. Mimi nilikuwa nikimwigiza kwa ufagio mbele ya watu. "Alo? Alo? Marehemu, muko wazima huko?" Barabara nzima ilikuwa ikivunjika mbavu, naye akicheka pia.

Nilipompelekea bukari, ugali wetu, kule gare nikamweleza habari ya shimo, aliniambia polepole, kama anayemsomesha mtoto wa darasa la kwanza la primeri: "Chimba pale pagumu. Pagumu, hakuna muntu mwenye aligusa. Palaini, kuko kitu."

Nikaitikia. Kuitikia si kazi.

Nikaanza nyuma ya jiko, pagumu. Sururu ikadunda kama naipiga kengele ya kanisa. Hatua tatu pembeni kulikuwa na mstari wa udongo laini, mtamu, unakuita kwa jina. Nikajiambia, nani atajua? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mwanangu. Mimi nilivunja bomba.

Maji yakapanda hadi juu ya bati. Bata wa jirani walifika kwanza, wakafuata watoto, wakafuata wamama na mabeseni, kila mtu anacheka, kwa kuwa maji ya bure ni sikukuu. Halafu akafika Freddy na wenzake watatu. Na mashini ilikuwa pale pale kando ya jiko, ndani ya gunia.

Mama alichukua beseni la mihogo, akaketi juu ya gunia, akatandaza kitenge chake, akaanza kumenya.

"Mama, munachimba nini?" Freddy akauliza.

"Choo."

"Choo ya maji safi?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe, jibu lilikuwa zuri.

"Na umekalia nini pale?"

"Nimeikalia bukubwa yangu. Unataka nisimame, uione vizuri?"

Hapo kicheko kilikuwa kikubwa zaidi. Freddy alitazama pembeni. Rungu analo, lakini amelelewa. Hakuna kijana wa Dilala anayeweza kumwambia mama wa mwenzake asimame baada ya mama huyo kutaja makalio yake vile.

Kicheko kilikatika chenyewe. Shimo lilijaa, maji yakaanza kuingia jikoni kwa watu, na robinet, koki za barabara nzima, zikatema hewa zikanyamaza. Mtu akauliza maji yanafungiwa wapi. Mwingine akauliza vilevile. Wote wakatazamana.

Mama akasema, bila kuinua macho kwenye mihogo: "Mbuyi."

"Ule hatakanyaga tena hapa," Freddy akasema.

"Basi funga weye, Kamanda. Shimo njo hii. Ingiza kidole."

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, ndivyo wanavyosema, na mama wa Freddy alikuwa ameshika ndoo tupu na mjukuu wa wiki mbili mgongoni. Alinitazama mimi tu, akageuza uso upande wa gare. Mama yangu naye akaniambia: "Kamata baiskeli ya baba yako."

Kule gare, Mama Kapinga aliposikia nilichokuja kuomba, alisimama. "Baache bakauke! Balitutoa mu nyumba kama takataka, sasa banalilia maji? Bakauke!" Alikuwa na haki yote, na treni ilisemekana iko njiani. Ikifika Tata Mbuyi hayupo, ama mke na watoto waondoke bila yeye, ama wapoteze nafasi na kubaki mikononi mwa wenye marungu.

Tata Mbuyi alitazama matope kwenye magoti yangu.

"Ulichimba palaini."

"Ndiyo, tata."

"Pale palaini nilichimba mi na baba yangu. Nilikuwa kijana kama weye." Akafunga kamba za viatu vyake.

"Na treni ikikuya?" mke wake akauliza.

"Mutapanda."

"Bila weye?"

Akasimama. "Kapinga, balinifukuza mu nyumba. Ku bomba yangu hakuna mwenye atanifukuza."

Nikambeba nyuma ya baiskeli, saa sita mchana, katikati ya barabara kubwa. Mwanangu, usidhani nilikuwa shujaa; hofu ilinifanya nikanyage pedali hadi cheni inalia. Lakini nilipiga kengele njia nzima, krin krin, kama nimebeba askofu. Wenye marungu kwenye kona walishangaa mno, tukapita kabla hawajafunga midomo.

Penye barabara yetu wamama walikuwa wamesimama na mabeseni matupu, na Freddy katikati.

"Nilisema hapiti."

"Muache apite," mama yake akasema, "ao utanichotea maji ku muto mpaka siku utaoa. Na nani atakuoa weye?"

Akaachia njia.

Tata Mbuyi alisimamisha mpini, akasikiliza, akasonga, akasikiliza tena. Leo hakuna aliyecheka. Mpini ukampeleka moja kwa moja ndani ya lango la nyumba yake mwenyewe, hadi penye kiti chake mwenyewe, ambacho baba wa Freddy alikuwa amekikalia kivulini. Mzee yule aliinuka bila kuambiwa. Freddy akasogeza kiti. Chini yake lilikuwa jiwe bapa, na chini ya jiwe, vanne ya kufungia maji. Tata Mbuyi akaizungusha, na kule kwetu maji yakalala.

Alichonga kizibo cha mti akakipigilia kwenye tundu. Ilihitajika kamba ya mpira ya kukikaza. Mama wa Freddy akaingia ndani, akatoka na mpira wa ndani wa baiskeli ya Kamanda, ameshaukata. Tata Mbuyi alikuwa akiuzungusha treni ilipopiga honi.

"Tata, twende!" nikapiga kelele.

"Fundo ya haraka inalegea." Akazungusha mara tatu zaidi. Akaenda kufungua vanne, akarudi, akainama, akahakikisha hakuna hata tone. Ndipo akanawa mikono, akamwambia Freddy: "Ile vanne, usiikaze sana. Iko muzee."

"Ndiyo, tata," Kamanda akajibu.

Sijawahi kuendesha baiskeli vile, na sitaendesha tena. Tulipofika, mabehewa yalikuwa yamejaa hadi juu. Mama Kapinga alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni, ameshika chuma kwa mikono miwili, watu wanamsukuma na yeye anawatukana kwa lugha mbili, hasogei. Alimkamata mume wake kwa kola akamvuta ndani. Treni ikaondoka. Sikupata hata kusema samahani.

Mashini tuliifukia alasiri ile ile. Viganja vyangu vilichubuka, maana safari hii nilichimba pagumu. Wapi? Dilala pagumu ni pengi. Freddy alikuja kuniuliza mabomba yanapita wapi; nikamwambia aweke sikio chini.

Basi nasaha zangu ndizo hizi, mwanangu. Ukikuta udongo laini, jua kuna aliyetoa jasho kabla yako. Muulize kabla hujainua sururu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulimfukuza mtu ambaye hata mgeni hakuwa, tukamwita atuponye, tukamwacha aende tena, na maji yake tunayanywa kila asubuhi. Mimi nimekataa kuita jambo hilo ushindi. Wakikuambia upige makofi, tia mikono mfukoni. Na ukiwa mcheshi kama mimi, usiache kucheka, ila chagua wa kumcheka: mcheke aliyeshika rungu. Haki ya kukubariki bado sina, ndevu zangu unaweza kuzihesabu. Nakuazima basi baraka niliyopewa mimi.

Jioni, mashini ikiwa tayari chini, nilisimama mlangoni, matope toka kichwani hadi vidoleni, nikingoja kofi. Mama akanisukumia beseni. Akasema:

"Leo umepasua bomba, na umepitisha muntu mu barabara muchana, bantu bote banaona. Ya kwanza, nitakuchapa kesho. Ya pili, Mungu akubariki, weye na batoto utazala. Sasa enda unawe. Maji iko."