Nilisema Nilimwona

Nilikuwa na miaka tisa, mwanafunzi wa darasa la nne, mwaka ambao binamu yangu Kim alifia katika shimo lililokuwa nyuma ya shamba letu. Tuliishi juu ya Kiamunyi, pale nyumba zinapokwisha na mteremko wa Menengai, mlima wa volkano, unapoanza. Shimo lenyewe halikutisha kwa macho. Lilikuwa kibonde kidogo tu, kina chake kama mtu mmoja na nusu, nyasi zake kijani hata wakati wa kiangazi. Sisi tuliliita Kwa Ngoma. Ngoma kwa Kikuyu ni mizimu, na wazee walisema mizimu ya Menengai hupumzika humo alfajiri.

Nyanya yangu, mama yake Baba, alituwekea sheria moja kabla hajafa: mtu asikanyage humo kabla jua halijapanda na umande haujakauka. "Ngoma wakikukuta," alisema, "wanakukalia kifuani." Tulimwogopa yeye kuliko hao ngoma, kwa hivyo tulitii. Alipokufa, sheria ikalegea.

Mwaka huo mbuzi wawili wa jirani walikutwa wamekufa humo, bila jeraha lolote. Karibu na shimo aliishi mjane aliyeitwa Tabitha. Sisi watoto tulimwita Shosho, yaani nyanya, na tulimkwepa kwa sababu alikuwa mkali. Wiki hiyohiyo mbuzi hao walikuwa wamekula mboga zake za sukuma wiki, naye akapiga kelele barabarani kwamba ipo siku watakula kitu kitakachowamaliza. Watu walilishika neno hilo. Mmoja akalituma kwa simu, mwingine akaongeza kwamba Tabitha alifukuzwa Molo kwa uchawi, na kufikia Ijumaa mtaa mzima ulijua habari za Molo, ingawa hakuna aliyekuwa amezungumza na mtu yeyote wa Molo.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na baridi kali na ukungu uliotulia tuli. Mimi na Kim tulikuwa tukipeleka mbuzi malishoni, na mwanambuzi mmoja akateremka Kwa Ngoma. Kim alikuwa na miaka saba.

"Ngoja nimtoe," akasema, akashuka mbio.

Aliinama kumshika yule mwanambuzi, akapiga magoti kama anayetaka kuomba, kisha akalala kifudifudi. Nilidhani ananichezea. Nilimwita mara tatu kabla sijaanza kupiga mayowe.

Baba yake ndiye aliyemtoa. Hata yeye alipofika chini miguu ilimlegea, akapanda juu akitambaa na mtoto begani, akitapika. Kim alikuwa ameshakufa, na yule mwanambuzi hakutoka.

Watu walijaa haraka. Jirani yetu Muchiri, mwenye mashine ya kusaga mahindi, alichuchumaa mbele yangu, mikono yake bado ina unga.

"Nyambura, wewe ndiwe ulikuwa na Kim. Huyo mama wa hapo ulimwona, si ndiyo?"

Sikuwa nimemwona. Jioni iliyotangulia nilimwona akiokota kuni karibu na hapo, lakini asubuhi hiyo, hapana. Nyuso zote zilikuwa zimenigeukia. Mama akaniminya bega.

"Sema, Nyambura."

"Ndiyo," nikasema. "Nilimwona."

"Na alikuwa anasema maneno, ama?"

"Ndiyo."

Ndiyo ya pili ilitoka kwa urahisi zaidi kuliko ya kwanza.

Walimtoa nyumbani kwake wakimburuta kwa nywele, mwiko ukiwa bado mkononi. Wa kwanza kumpiga alikuwa mwanamke aliyeimba naye kwaya, kwa ubapa wa panga. Kisha ikaja mipini ya majembe. Nilisikia mfupa wa mkono wake ukivunjika, sauti ndogo, kavu. Alikuwa akiuliza jambo moja tu, "Nimefanya nini? Niambieni nimefanya nini," mpaka teke likamfunga mdomo. Jiwe likampata jichoni. Nyumba yake ilitiwa moto na kuku wakiwa ndani, na nakumbuka kuku mmoja alitoka akikimbia huku anawaka, na baadhi ya watu wakacheka. Mama alinifunika uso kwa leso, lakini leso ilikuwa nyepesi na niliona yote. Polisi walimpakia kwenye gari akiwa hajitambui, mawe yakigonga mabati ya gari.

Baba alirudi Jumapili asubuhi kutoka Kikopey, alikokuwa akichimba choo cha hoteli moja ya nyama choma. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, mashimo ya vyoo na visima. Hakupita darasa la saba, lakini hakuwahi kushuka katika shimo lolote kabla ya kuteremsha koroboi iliyowashwa kwa kamba. Ikizimika, hashuki. Alikuwa amezika mwenzake mmoja aliyedharau jambo hilo.

Hakuuliza habari za Tabitha kwanza. Alimshika baba yake Kim mkono, halafu akamuuliza, "Miguu ililegea ukiwa umesimama, ama ukiinama?"

"Nilipoinama kumchukua."

Baba akaenda stoo kuchukua koroboi.

Waombolezaji wengi walimfuata Kwa Ngoma. Ukungu ulikuwa bado umelala. Alisimama ukingoni, akaiteremsha taa polepole. Ilipokaribia nyasi, ikazimika. Akaivuta, akaiwasha, akaiteremsha tena. Ikazimika palepale.

"Humu mna hewa mbaya," akasema. "Ni nzito, inakaa chini kama maji. Ndiyo ilimuua Kim."

"Si mnaona!" Muchiri akapaza sauti. "Hata moto mchawi ameuzima!"

"Basi nisikilizeni. Saa nane upepo huwa unavuma kutoka huko juu. Kama ni hewa, upepo utaiondoa na taa hii itawaka hadi chini. Isipowaka, mniite mwongo."

"Wewe amekulipa ngapi?" mtu akauliza, na kabla Baba hajajibu rungu likatua kisogoni mwake. Akaanguka. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Mama, ambaye jana yake alikuwa ameniminya bega, alijitupa juu yake, na wale vijana wawili waliokuwa wameinua fimbo wakasita.

Baba hakukubali kupelekwa nyumbani. Alikaa ukingoni na kitambaa kichwani, damu ikimtiririkia shingoni, akingoja. Wengine walikwenda zao, wengine wakabaki kuona mwisho wake. Saa nane upepo ulikuja, nyasi zikalala. Baba akaiwasha koroboi ndani ya mkebe ili isipeperushwe, akaiteremsha. Iliwaka hadi chini. Halafu akashuka mwenyewe akiyumba, akainama pale Kim alipoanguka, akakaa humo akitutazama.

"Tabitha yuko hospitali, hajaamka," akasema kutoka chini. "Asubuhi mlisema ndiye aliyeizima taa. Sasa nani ameiacha iwake?"

Muchiri aliondoka bila kumtazama mtu. Polisi waliporudi kuuliza nani alimpiga Tabitha, hakuna aliyekuwa ameona.

Jioni, Mama akimwosha kidonda, nilimwambia Baba yote. Nilingoja anichape. Akaniuliza tu, "Uliona, ama uliambiwa umeona?"

"Niliambiwa."

"Basi ujue tofauti." Baadaye akasema, kama anayezungumza peke yake, "Mama yangu alikuwa ameona vizuri. Aliona asubuhi, aliona umande. Ila alieleza vibaya, na sisi tukashika maelezo tukaacha alichoona."

Leo mimi ni mama, naishi mtaa wa Rhonda. Mara kwa mara picha ya mwanamke nisiyemjua huingia kwenye simu yangu, na maneno kwamba anaiba watoto, tuma kwa wote. Huwa nauliza nani aliona, wapi, lini, kwa macho yake mwenyewe. Wazazi wenzangu husema najifanya msomi, na kikundi kimoja kilishanitoa. Sijali sana. Najua umbali uliopo kati ya swali lililoulizwa kwa hila na mpini wa jembe ni hatua chache mno.

Mwaka jana nilimtafuta Tabitha. Anaishi Njoro kwa dada yake, jicho moja halipo, mkono uliungana ukiwa umepinda. Nilimwambia mimi ndiye yule mtoto aliyesema. Alinisikiliza mpaka mwisho, akichambua maharagwe kwa mkono mmoja.

"Wewe ulikuwa na miaka mingapi?" akaniuliza.

"Tisa, Shosho."

"Na wao?"

Alinisogezea sinia, tukachambua pamoja hadi maharagwe yakaisha. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumwomba aseme.