Sehemu ya Tatu Ilikuwa Ndefu Mno

Watu wakianza kuisifu ile sinema ya jasusi, sehemu ya tatu, mimi hutafuta kazi ya kufanya kwingine. Wanasema imezipita zote zilizotangulia. Wanasema helikopta zile ni za kweli, na kwamba mwigizaji alining'inia mwenyewe. Mimi nimeziona zote tatu, nikiwa mlangoni pa nyumba ya video nakata tiketi kwenye kiti kisicho na mgongo, na nasema ya tatu ni takataka. Nitaeleza sababu, na nikimaliza mtu asiniletee tena habari za helikopta.

Ya kwanza ilikuwa sinema ya watu. Jasusi mmoja, adui mmoja, gari moja linakimbizwa mjini, saa moja na nusu mambo yamekwisha na bado unapata muda wa kupitia sokoni kununua mboga. Ya pili iliongeza jasusi wa pili na mwanamke asiyeaminika. Ilijivuta kidogo, lakini ilivumilika. Ya tatu inakaribia saa tatu nzima. Gari likimaliza kukimbizwa, inakuja pikipiki. Pikipiki ikianguka, treni. Aliyeitengeneza hakuwa na mtu wa kumwambia basi, inatosha.

Aliyezitafsiri ni kaka yangu. Alikuwa na nyumba ya video pale Tawa, chumba cha mabati chenye mabenchi, skrini na spika mbili, na kazi yake ilikuwa kushika maiki na kuwasemea wazungu kwa Kiswahili, na kwa Kikamba pale Kiswahili kilipopungukiwa na nguvu. Watu walimwita deejay. Simu zilipoingia katika kila mfuko, nyumba za video zilikufa, hata ile ya Matiliku ninakoishi siku hizi. Yake ilibaki kwa sababu ya sauti. Ilikuwa sauti nzito, yenye mkwaruzo kidogo, na angeweza kuwa watu saba katika ugomvi mmoja, na mbwa juu yake.

Kiingereza cha sinema hakikumwingia sana. Wale watu huongea wakitafuna maneno. Alichokosa kukisikia alikitunga, na hakuna aliyewahi kudai arudishiwe pesa. Katika ile ya kwanza kuna mahali jasusi anasimama dirishani, mvua inanyesha, na hasemi lolote. Kaka aliona ukimya ule ni hasara. Akamsemesha, "Mwaitu, nakuja. Nikimalizana na hawa, nakuja." Mwaitu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama. Tangu siku hiyo jasusi akawa na mama, mjane, anaishi Zombe, anamsubiri mwanawe. Kaka alimweka Zombe kwa sababu ni mbali. Angemweka Tawa, watu wangetaka kujua ni boma gani.

Nyumba ikajaa wanawake. Hawakuwa na haja na bunduki, walitaka kujua kama mwana atafika kwao. Katika ya kwanza hakufika. Katika ya pili alikaribia kabisa, akaitwa kazini. Baadaye niliitazama ile ya kwanza kwenye simu, kwa sauti yake yenyewe, nikabaki nimeduwaa. Hakuna mama. Hakuna Zombe. Ni mwanamume anatazama mvua. Ndiyo maana nawauliza hawa wanaolinganisha sehemu ya tatu na zile mbili: wanalinganisha nini na nini? Zile mbili zilikuwa za kaka.

Mama yetu hakuwahi kukanyaga mle ndani. Ni mtu wa kanisa, wa kukesha na kufunga, na kwake video ilikuwa mambo ya dunia. Alimpenda mwanawe, alimpelekea chakula hadi mlangoni, lakini kukaa gizani kusikiliza risasi alikataa. Kaka hakubishana naye hata siku moja.

Sauti ilianza kukauka wakati wa kuvuna ndengu. Tulidhani ni vumbi. Akanywa tangawizi, akanywa asali, akaombewa. Tulipofika hospitali daktari alisema ni saratani, na kwamba sehemu ya koo inayotoa sauti itakatwa yote. Angepumua kupitia tundu shingoni. Kaka aliuliza kama atakuja kusema tena. Daktari alikuwa mtu mpole, akamwambia huenda akafundishwa njia ya kusema, lakini si kwa sauti hii.

Sehemu ya tatu ilimfikia Ijumaa, na Jumatatu alitakiwa kulazwa. Daktari alikuwa amemkataza kupaza sauti. Mimi na mama tulimsihi, mama mpaka akalia. Aliponijibu, alikuwa ananong'ona.

"Mwanaa mwaitu," akaniambia, ndivyo tunavyoitana watoto wa mama mmoja, "hawa watu wamengoja sana. Wacha nimfikishe nyumbani."

Basi Jumapili, watu walipotoka kanisani, mabenchi yakajaa na wengine wakasimama. Kaka alikuwa ameshaitazama peke yake Jumamosi na kupanga. Mwanzoni angesema machache. Risasi zingejisemea zenyewe. Mwisho kabisa kuna picha ya jasusi akishuka garini mbele ya nyumba fulani, na hapo ndipo angetumia sauti yote iliyobaki, amfikishe kwa mama yake.

Ingekuwa na urefu wa ile ya kwanza, angeweza. Nimelifikiria jambo hili hadi kichwa kinauma. Mbio za gari alizimudu. Pikipiki, akamudu. Kwenye treni sauti ikaanza kukatika, akanywa maji, akawaacha wazungu waseme wenyewe. Watu wakanung'unika. Mtu mmoja huko nyuma akamwambia aongeze sauti, na kaka, ambaye hajawahi kuwanyima wateja kitu, akaongeza. Jasusi alikuwa ananing'inia kwenye helikopta. Kaka akasema, wazi kabisa, kwa ile sauti yake ya zamani, "Mwaitu, usifunge mlango. Bado niko njiani."

Baada ya hapo spika zilitoa pumzi tu.

Na sinema ikaendelea. Hilo ndilo sitalisamehe. Ikaendelea karibu saa nzima, mashua, ngazi, paa, watu wakipigana kwa sababu ambazo hakuna aliyetueleza. Kaka hakushusha maiki. Midomo yake iliendelea kwenda. Ile picha ya mwisho ilipofika, jasusi akashuka garini, akasimama mbele ya nyumba, na hakuna mtu mle ndani aliyejua ni nyumba ya nani. Mwanamke mmoja mzee katika benchi la mbele akauliza, "Hapo ndio kwao? Amefika?" Kaka akaitikia kwa kichwa. Lakini kulikuwa na giza, na wote walikuwa wanatazama skrini. Mama yule akauliza mara ya pili. Nilitaka kumjibu, nikashindwa, kwa sababu nilikuwa nalia.

Tulifika nyumbani jua likiwa bado juu. Mama alikuwa uani anapepeta ndengu. Alimtazama kaka usoni, akamwita kwa jina lake. Kaka akafungua mdomo na hakukutoka hata mnong'ono. Hapo mama akanigeukia mimi. Hakutaka kujua habari za sinema. Aliuliza neno la mwisho lililomtoka lilikuwa lipi.

Nikamwambia. Nikaongeza haraka kwamba hayo hayakuwa maneno ya kaka, ni ya jasusi, anamwambia mama yake wa Zombe, ni mambo ya video tu.

"Jasusi ana mama Zombe?" mama akasema. "Huyu ni mtoto wangu."

Akaweka ungo chini. Akamsogelea kaka, akamshika mikono yote miwili, na hakuwa na hasira, alikuwa anauliza tu kama mtu anayetaka kujua.

"Sasa hayo ulikuwa unawaambia watu wa video kwa nini, na mimi niko hapa?"

Kaka alikuwa na jibu. Niliiona midomo yake ikilisema lote, polepole, tangu mwanzo hadi mwisho, na mama amemkazia macho, na hatukupata hata neno moja.