Kimya cha Hallbera

Wizara yetu ilizaliwa bila mtu kuiombea. Kabla ya vita vikuu vya pili, mambo ya nje ya kisiwa chetu yalikuwa yakiangaliwa na Denmark, nasi hatukuona ubaya, kwa kuwa balozi ni mtu ghali na hali samaki mkavu. Kisha siku moja ya Aprili Wajerumani wakaingia Kopenhageni, na kabla hatujalala tukawa na mambo ya nje yetu wenyewe, mfano wa mtu aliyeachiwa mtoto mchanga mlangoni. Ofisi ilianzia kwenye vyumba vichache na meza za kuazima. Wafanyakazi wote walienea kwenye kikao kimoja cha kahawa, na bado palikuwa na nafasi ya mgeni.

Hallbera Ketilsdóttir aliajiriwa mwaka uliofuata, msichana wa mashine ya chapa kutoka ghuba za magharibi, binti wa mvuvi, dada wa wavuvi. Alikuwa na mabega mapana na sauti ya kuitia mashua. Katibu aliyemsaili alimwuliza kama anajua lugha za kigeni. Akajibu, "Najua Kidenmaki cha shule na Kiingereza cha kutukania." Walimchukua kwa sababu alichapa haraka kuliko wote, na pia kwa sababu hakukuwa na foleni.

Mimi nilimkuta. Naitwa Úlfar, nilikuwa dawati la itifaki, kazi ya kuamua nani aketi karibu na nani na nani asionyeshwe mlango wa jikoni. Nilipoingia, wizara ilikuwa imekwisha kuwa na idara zake: ya siasa, ya biashara, ya ulinzi, na yetu. Ukisikia idara usidhani jengo zima. Idara ilikuwa mtu, kiti cha mtu, na koti la mtu mlangoni. Tulihamia mtaa wa Hverfisgata, ghorofa za juu za kituo cha polisi, na balozi wa kigeni akikosea ngazi alijikuta mbele ya sajenti anayemwuliza amekunywa nini.

Wakati huo Hallbera alikuwa amepandishwa hadi chumba cha mafumbo. Simu zote za siri, zile za maandishi, za kwenda Washington, London, Bonn na kwingineko, zilipita mikononi mwake. Yeye ndiye aliyezigeuza kuwa tarakimu na kuzirudisha kuwa maneno. Maneno yake yalikuwa yamezunguka dunia, ila yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka bahari. Wanaume aliowafundisha kazi walipelekwa ubalozini, wakarudi na suti mpya, wakapelekwa tena. Kila orodha ya uhamisho ilipobandikwa, aliisoma, akarudi chumbani kwake na kufunga mlango kwa nguvu kuliko kawaida.

Alichotaka ni ubalozi wa Bonn, kwa Wajerumani. Watu walimcheka, maana mtu akiota huota Paris. Yeye alikuwa ameona picha ya barabara ya kule, miti mirefu pande mbili, matawi yamekutana juu. Kwetu miti haimfiki mtu kifuani; ukipotea msituni, dawa ni kusimama wima tu. "Nataka kukaa mahali nitembee chini ya mti bila kuinama," aliniambia. "Mara moja tu kabla sijazeeka." Mwaka ule ninaousimulia, katikati ya ugomvi wetu wa samaki na Waingereza miaka ya sabini, hatimaye jina lake lilipendekezwa: msaidizi wa ubalozi, Bonn, miaka mitatu. Barua ilikuwa mezani kwa katibu mkuu, Brandur, ikingoja sahihi.

Sasa niseme jinsi mtu wa kelele alivyotunza siri za nchi kwa zaidi ya miaka thelathini. Reykjavik, mji mkuu wetu, ni mji ambao ukipiga chafya nyumbani, unaombewa afya sokoni. Kila asubuhi kabla ya kazi Hallbera alikwenda bwawa la kuogelea, na baada ya kuogelea aliingia kwenye birika la maji ya moto, kidevu majini, pamoja na wale wale wa siku zote. Alikuwepo Eyvindur, nahodha mstaafu, na Torfi, dereva wa basi. Alikuwepo pia Sigþrúður, mwalimu wa hesabu ambaye hakumwamini mtu yeyote aliyemaliza shule baada ya vita. Mle hamna cheo. Mtu na suruali yake ya kuogea ni sawa na waziri na ya kwake. Mle ndimo nchi inamotawaliwa, Bunge ni la kuandika tu.

Njia ya Hallbera ilikuwa kupiga kelele. Aliwatukana Waingereza, akawatukana wanasiasa wetu kwa kuwaogopa Waingereza, akagombana na Eyvindur kuhusu nyavu mpaka maji yakaruka. Aliyemsikia akipayuka vile hakuweza kufikiri kwamba kuna kitu amekibakiza tumboni. Kumbe yote yalikuwa yamebaki. Mimi namheshimu kwa hilo hadi leo, na si wengi ninaowaheshimu.

Basi jioni moja ikaja simu ya fumbo. Waziri wetu angeondoka kimya kimya siku ya pili yake, akutane na Waingereza nchi ya tatu, na alikuwa tayari kuwaachia sehemu ya maji ya kuvulia kwa muda, ili meli za vita ziondoke. Nchi nzima ilikuwa imeapa kutoachia hata mkia wa samaki. Hallbera aliifumbua, akaipeleka kwa Brandur, akaenda nyumbani. Ndugu zake wawili walikuwa wakivua kwenye maji hayo hayo.

Asubuhi akaenda bwawani kama kawaida. Hapo ndipo alipokosea, ingawa kutokwenda kungekuwa kosa kubwa zaidi.

"Haya Hallbera," Eyvindur alianza, "umesikia redio? Wametukatia wavu mwingine, majangili wale! Sema basi."

"Maji leo ya moto sana," akasema Hallbera.

"Maji ni yale yale ya jana. Nasema wavu!"

"Nimesikia."

"Umesikia halafu?"

"Halafu nini, Eyvindur? Nimesikia. Mvuke umenizidi leo."

Torfi alitoa masikio majini. Sigþrúður akamtazama kama anavyotazama jumla isiyotimia. Hallbera alikaa kidogo, akainuka, akaenda kuvaa.

Nilimwuliza baadaye kwa nini hakuwatukana tu Waingereza kidogo, hata kwa adabu ya birika. Akasema, "Ningewaambia nini? Kwamba hatutaachia hata mkia? Nami najua tunaachia?" Nilielewa. Kutunza siri alijua, kusema uongo hakujua, na miaka yote ile hakuwahi kulazimika kuchagua.

Kule birikani hawakuhitaji zaidi: Hallbera akishindwa kuwatukana Waingereza, basi waziri anakwenda kupatana nao. Eyvindur ni mtu wa tungo, na kwetu mtu wa tungo hazuiliki hata kwa mvua ya mawe. Kabla hajakauka nywele alikuwa amekwisha kutunga:

*Hallbera amenyamaza, chewa hakumtetea,*
*Kinywa amekikataza, neno lisije potea,*
*Kimya chake chatangaza, kuliko angeongea,*
*Waziri anajikaza, safari yamngojea.*

Ubeti mzuri ukishatungwa mjini kwetu hauna mwenyewe. Torfi aliusema kwenye basi lake kituo hadi kituo. Abiria wakashuka nao. Saa ya kahawa ulikuwa benki, saa ya chakula ulikuwa bandarini, na mwandishi mmoja wa gazeti aliusikia kwa kinyozi, akaacha nywele nusu na kukimbilia kiwanja cha ndege. Waziri alipofika jioni na mkoba wake mdogo, alikuta umati umemsubiri pale, na wengine wamebeba vichwa vya samaki. Aligeuza gari. Safari ikaahirishwa, Waingereza wakanuna, na kesho yake wizara nzima ilitembea kwa ncha za vidole.

Brandur alimwita Hallbera, nami nikaitwa kuandika kilichosemwa. Brandur alikuwa mtu mrefu, mkavu, wa kanuni, aliyevaa kizibao cha sufu hata Julai, kiangazi chetu. Ile barua ya Bonn ilikuwa mbele yake, haijatiwa sahihi. Hallbera aliiona. Niliuona uso wake ulipoiona, na nikaona haya kuendelea kutazama.

"Ulimwambia nani?" Brandur akauliza.

"Sikumwambia mtu."

"Ulisema nini birikani?"

"Kwamba maji ni ya moto."

"Basi?"

"Na kwamba mvuke umenizidi."

Kabla Brandur hajauliza tena, mlango ukafunguliwa. Eyvindur aliingia na kofia mkononi, Torfi na Sigþrúður nyuma yake. Kwetu mtu yeyote huweza kupanda ngazi na kumwona mkubwa, na wao walikuwa wamepanda.

"Brandur, mwache mama wa watu!" Eyvindur alinguruma. "Mimi ni shahidi. Hakusema hata neno moja!"

"Hata neno," akasema Torfi. "Ndiyo maana tukajua."

"Torfi, nyamaza wewe."

"Si kweli? Mtu anapayuka miaka na miaka, jana anatuletea habari za mvuke! Hata mtoto angejua."

"Nilijua kabla yako," akasema Sigþrúður. "Nilijua alipovua kofia ya kuogelea. Lakini sikutunga mashairi, mimi nina akili."

"Mnamtetea au mnamzika?" Brandur akauliza.

Wakatazamana. Eyvindur akaizungusha kofia. "Tunamtetea," akasema kwa sauti ndogo. "Hallbera, mwenzangu, mimi ulimi wangu huu nitaukata."

"Usiukate," akasema Hallbera. "Utakula na nini?" Lakini hakucheka, nao wakatoka mmoja mmoja bila kuagana vizuri.

Mkubwa wangu wa itifaki alitaka barua ichanwe. Alisema mtu ambaye hata kimya chake kinasikika hafai kukaa karibu na siri, sembuse kupelekwa ubalozini. Wengine walikubaliana naye, wawili kati yao walikuwa wanaitaka Bonn hiyo hiyo. Mimi sikusema kitu, na hakuna aliyekigundua kimya changu.

Brandur alikaa na kitabu cha kanuni hadi mchana. Kisha akamwita tena.

"Nimetafuta," akasema. "Kuna kosa la kusema. Kosa la kunyamaza halimo."

"Basi nimesalimika?"

"Hapa hufai tena. Kuanzia leo kila asubuhi watakusoma usoni. Ukikohoa, bei ya samaki itapanda." Akavuta kalamu. "Kule Bonn hakuna anayekujua kiasi cha kukusikia ukinyamaza. Ndiko kunakokufaa."

Akatia sahihi. Hallbera alicheka hadi machozi yakamtoka, akamshika Brandur mikono yote miwili, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya katika jengo lile. Aliondoka kabla ya baridi, na sisi sote tukasema amebahatika.

Nilimwona Bonn majira ya kuchipua, nilipopelekwa na ujumbe. Tulitembea jioni chini ya miti yake, na kweli hakuhitaji kuinama. Majani yalikuwa mapya, mazuri hasa, hata mimi niliona. Hallbera alikuwa amepungua. Nilidhani ni mwili, kumbe ni sauti. Aliongea kama watu wengine wote wanavyoongea.

"Kazi vipi?" nikamwuliza.

"Kazi nzuri. Watu wazuri. Wananisalimu kwa jina la baba yangu badala ya langu, bibi Ketilsdóttir, nageuka kumtafuta mzee."

"Na bwawa, umepata?"

"Nimepata, lina hata vigae vya buluu. Kila mtu anaogelea kwenye mstari wake, anakauka, anakwenda zake." Tulipita miti kadhaa. "Úlfar, majira ya baridi kaka yangu mkubwa alizama. Sikuwaambia ofisini. Nilisema moyoni, wataona. Nikakaa wiki nzima sijatoa neno ila la kazi. Siku ya mwisho wa juma balozi akaniambia, bibi Ketilsdóttir, wiki hii tumefanya kazi kwa utulivu mzuri sana."

Mimi nilijua habari ya kaka yake, ilisomwa redioni kwetu na mji mzima uliisikia. Sikuwa nimemwandikia. Nilimwambia pole pale pale chini ya mti, pole iliyochelewa na isiyofaa kitu, naye akaipokea kwa adabu.

Kabla ya mwaka kwisha aliomba kurudi. Aliomba kwa simu ya fumbo, nadhani kwa aibu, na kijana aliyeshika chumba chake cha mafumbo alimfumbulia Brandur bila kuinua macho. Nafasi yake ya zamani ilikuwa imekwenda. Iliyobaki ilikuwa dawati la pasipoti, ngazi mbili chini ya pale alipotoka, na mtu anayekatiza ubalozi bila sababu nzito hafikiriwi tena kwa cheo. Brandur akamwuliza kwa simu sababu ni ipi. Jibu lilikuja siku ile ile.

Brandur alinipa nilisome, maana ni mimi niliyetakiwa kujaza faili. Lilikuwa mstari mmoja: *Hapa nikinyamaza hakuna anayejua.*

Brandur aliichukua karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni mwa kizibao chake cha sufu.

"Niandike sababu gani?" nikamwuliza.

"Andika afya."

Nikamtazama, maana sikuwahi kumwona akipindisha kitu.

"Andika," akasema. "Si uongo."

Nikaandika afya.