Bata Mzinga wa Greta

Hakuna mwandishi anayelijua darasa la chekechea la kanisa letu kunishinda mimi. Nimeingia humo mara mbili, na mara ya kwanza nilikuwa natafuta choo.

Saa mbili asubuhi. Bi Lorna Hoekstra, mwalimu, amevaa aproni yenye madoa ya miaka mingi. Anapaka kiganja cha mtoto rangi ya kahawia kwa brashi. Mtoto anacheka, anakandamiza mkono kwenye karatasi, na hapo bata mzinga, ndege wa Sikukuu ya Shukrani, anazaliwa: kidole gumba ni kichwa, vidole vingine vinne ni manyoya ya mkia.

Kando ya kila unyoya Bi Lorna anaandika shukrani moja, vilevile mtoto anavyoitamka. "Namshukuru Mungu kwa mbwa wetu. Na kwa viazi. Si vile vya shangazi."

"Siwasahihishi," anasema Bi Lorna. "Mungu ameelewa. Tatizo ni shangazi, maana Jumapili hawa bata mzinga wote wanatundikwa kanisani."

Alianza kazi hii mumewe alipouza ng'ombe wa maziwa, akidhani ni ya msimu mmoja. Mshahara ni mdogo, na magoti yanalalamika kila anapoinuka kwenye vile viti vya watoto. "Lakini ng'ombe hawakuwahi kuniambia ninanukia vizuri," anasema.

Leo hana raha. Greta Terpstra, msichana wa miaka minne, amekataa kupakwa rangi wiki nzima. Mama yake amelazwa hospitali ya mjini tangu mahindi yalipoanza kukauka shambani, na Bi Lorna alimwahidi mama huyo bata mzinga wa kubandika ukutani mwa wodi. Baba anakuja kuichukua picha hiyo mchana huu.

"Basi tuchore kwa penseli kuzunguka mkono, mpenzi."

"Mama anataka wa rangi," anasema Greta, mikono kaificha kwapani. "Ila rangi ni baridi. Kama chura."

Mzee Harlan Vander Ploeg, msafishaji wa kanisa, anapita na ndoo. "Mwacheni! Humu ndani mwenye akili ni huyo peke yake. Rangi yenu imeniziba sinki."

"Harlan, nenda kafagie majani."

"Mkono wangu haugusi uchafu huo hata nikifa!" Anauinua wa kulia. Kidole cha kati kilichukuliwa na mashine ya kuvunia mahindi, ujanani. "Hivi vilivyobaki navihitaji."

Watoto wanakwenda ukumbini kufanya mazoezi ya wimbo wa shukrani. Greta anasema miguu imechoka. Anabaki pamoja na Harlan, anayefuta meza huku akinung'unika.

Wanaporudi, kwenye kamba ya kukaushia kazi, kati ya majani ya mti yaliyochorwa kwa kreyoni, unaning'inia mkono mdogo wa kahawia. Vidole vyote vitano, safi kabisa.

Bi Lorna anachukua kalamu. "Haya, Greta. Unashukuru kwa nini?"

"Kwa mama. Kwa mama. Kwa kofia ya mama ya hospitali. Na kwa mama."

Bi Lorna anaandika yote manne, kisha anapenga kamasi kwa kitambaa cha kufutia brashi. Pua inakuwa ya kahawia. Hakuna anayemwambia.

Madaktari wamesema huenda mama akaruhusiwa kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Bi Lorna keshapanga: ataoka pai mbili za maboga. "Moja ya kwao," anasema. "Nyingine ya kumziba Harlan mdomo."

Harlan mwenyewe yuko mlangoni, mikono mfukoni.

"Nani kamsaidia huyu mtoto?" Bi Lorna anamuuliza.

"Nitajuaje? Nilikuwa nje na majani."

"Hukugusa rangi?"

"Mama wewe, husikii? Nimesema sigusi!"

Greta anavuta pindo la aproni ya mwalimu na kunyoosha kidole kuelekea mwisho wa kamba. Huko yuko bata mzinga wa pili, rangi yake bado mbichi, mkubwa kama sahani ya pai, mwenye manyoya matatu tu.