Mngurumo Chumbani kwa Mama Mkwe

Friji letu lilitoka Dubai, kipindi kile ambacho kila mwenye nafasi alikuwa analeta kitu. Tuliliweka sebuleni, maana jikoni wageni wasingeliona. Baada ya hapo mume wangu alikwenda kumchukua mama yake mlimani Meru, aje kukaa nasi mjini Arusha, mtaa wa Sokon One. Tulikuwa tumemzika baba mkwe, na mume wangu aliapa kwamba mama yake hatabaki kule peke yake na magoti yale mabovu.

Mama mkwe hakulala. Asubuhi namwamkia, "Shikamoo mama, umelalaje?"

"Marahaba. Nilale vipi, na huu umeme wenu unaninguruma kwenye mifupa? Mnirudishe kwangu."

Mume wangu alikuwa fundi redio, na fundi redio ukimgusa kwenye umeme hanyamazi. Akaeleza kwamba waya unaopitisha umeme unatoa sumaku, ila ndogo tu, haimli mtu. Mama akamwambia, "Nionyeshe." Basi akachukua redio kaseti mbovu, akang'oa ile hedi inayosoma mkanda, akaiunga na waya mrefu. Ukibonyeza play bila kaseti, ukaisogeza hedi kwenye kitu chenye umeme, spika inanguruma.

Alitaka kumthibitishia mama kuwa chumba chake hakina neno. Jamani! Friji likanguruma, pasi ikanguruma, taa ya tyubu ndiyo usiseme. Ukuta wa kichwani kwa mama ulishinda vyote, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na mita na meinswichi.

"Si niliwaambia?" mama akasema, amefurahi kabisa.

Tukahamishia kitanda dirishani. Kumbe waya wa jikoni ulipita humo humo ukutani. Tukakiweka katikati ya chumba, mtu akiingia anajikwaa. Bado halali. Mgongo wangu uliuma, na hakuna aliyeupima.

Halafu ukaja mgao, umeme ukawa unakatwa asubuhi mpaka jioni. Nadhani mume wangu ndiye mtu pekee Arusha nzima aliyeufurahia. Akatia betri kwenye redio yake, akapitisha hedi ukuta kwa ukuta. Kimya.

"Haya mama, jilaze sasa."

Akajilaza. Tulipokwenda kumchungulia alikuwa ametoa macho kodo, anatazama dari.

"Bado unanguruma?" mume wangu akauliza.

"Haungurumi."

"Sasa nini tena, mama?"

"Baba yenu amelala migombani peke yake. Mimi nalala huku na friji."

Mume wangu akabonyeza stop. Mimi niliumia sana kuona ataondoka, maana yule mama nilikuwa nimeshamzoea, na nilimpenda pamoja na maneno yake yote.

Jumamosi tukamrudisha. Mume wangu alikikokota kitanda chake mpaka kwenye ukuta wa upande wa kaburi. Redio hakuja nayo. Mama akajilaza na viatu vyake, mchana kweupe, nasi tukakaa barazani na chai. Hatujafika nusu kikombe, tukamsikia anakoroma mpaka mabati yanaitikia.

"Unasikia anavyonguruma?" mume wangu akaniuliza. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye chai.